Kasanga: Pale uthabiti unapookoa meli na kulinyima ziwa chakula

Na Mwandishi Wetu

UKISIMAMA kwenye gati ya Kasanga, katika Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, mbele yako kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, na nyuma yako kuna ukingo wa Bonde la Ufa unaopanda hadi katika uwanda wa juu wa Ufipa. Chini ya miguu yako kuna gati ambalo kwa miongo mingi limepokea meli kutoka Kigoma na kuziaga kuelekea Mpulungu, Zambia.

Vitu hivyo vyote, yaani meli, gati, mlima na maji yenyewe, vina jambo moja linalowasumbua wahandisi na wanasayansi wa fani mbalimbali. Jambo hilo ni uthabiti. Mhandisi wa meli hulitafiti, mjenzi wa barabara hulitafiti, fundi wa gridi ya umeme hulitafiti, na mtaalamu wa maziwa naye hulitafiti. Kila mmoja ana vipimo vyake, lakini swali lao ni moja: kitu kikisukumwa kidogo, je, kitarudi mahali pake au kitaondoka moja kwa moja?

Watu wengi hudhani kwamba uthabiti ni neema siku zote. Kasanga inatufundisha kwamba sivyo. Uthabiti ule ule ambao meli ikiukosa huua watu, ukizidi ndani ya maji ya ziwa huweza kupunguza samaki wanaofika sokoni Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam.

Gololi na bakuli

Wanafunzi wa fizikia hufundishwa jambo hili kwa mfano mwepesi. Weka gololi ndani ya bakuli, kisha iguse. Itapanda ukingoni, itarudi, itacheza kidogo na hatimaye itatulia chini. Hiyo ni hali thabiti. Sasa geuza bakuli na uiweke gololi juu ya mgongo wake. Inaweza kusimama kwa muda, lakini ikiguswa kidogo tu itaporomoka wala haitarudi. Hiyo ni hali isiyo thabiti, ingawa kwa macho gololi zote mbili zilikuwa zimetulia.

Hapo ndipo penye hatari. Kutulia na kuwa thabiti ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1892 mwanahisabati wa Urusi, Aleksandr Lyapunov, aliwasilisha tasnifu iliyolipa wazo hili msingi imara wa kihesabu. Alionyesha jinsi ya kujua kama mfumo utabaki karibu na hali yake ya awali baada ya kusukumwa, hata bila ya kukokotoa kila hatua ya mwendo wake. Kabla yake, mwaka 1868, James Clerk Maxwell wa Uingereza alikuwa amechunguza kwa nini vidhibiti mwendo vya injini za mvuke wakati mwingine, badala ya kutuliza injini, huifanya iyumbe zaidi. Kutokana na kazi hizo na nyinginezo ilikua taaluma ambayo leo hutumika katika ndege, mitambo ya viwanda na nyaya za umeme.

Meli na kitovu chake cha uzito

Tuanze na meli, kwa kuwa ndiyo iliyoitangaza Kasanga. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Dar es Salaam vipande vipande, ikasafirishwa kwa reli na kuunganishwa Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isianguke mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ndilo David Livingstone alilolisikia likitumika kwa sehemu ya kusini ya ziwa alipofika huko mwaka 1867. Kasanga yenyewe wakati wa Wajerumani iliitwa Bismarckburg.

Vituo vingi vya Liemba havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, mitumbwi na maboti yakaizonga ubavuni, abiria na mizigo wakapanda na kushuka majini. Kwa msafiri huo ulikuwa mchezo wa kusisimua. Kwa nahodha ulikuwa mtihani wa uthabiti, kwa sababu umati unaokimbilia upande mmoja wa chombo ni uzito unaohama.

Meli huelea kwa sababu maji huisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji iliyoyasogeza. Nguvu hiyo hupita katika kitovu cha sehemu iliyozama, na uzito wa meli hushuka kupitia kitovu chake cha uzito. Meli inapolala upande, umbo la sehemu iliyozama hubadilika, na kitovu cha msukumo wa maji husogea kuelekea upande ulioinama. Ukichora mstari wa wima kutoka hapo, utakata mstari wa katikati ya meli katika nukta ambayo Mfaransa Pierre Bouguer, katika kitabu chake cha mwaka 1746, aliipa jina la metasenta.

Kanuni ni hii: kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta, msukumo wa maji huirudisha meli wima. Kikipanda juu ya metasenta, msukumo ule ule huipindua. Ndiyo maana mabaharia tangu kale waliweka farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa karibu na mkuku. Na ndiyo maana mizigo na watu wakijazwa kwenye sitaha ya juu, meli inaweza kuonekana imetulia gatini na huku ikiwa kama gololi juu ya mgongo wa bakuli.

Taifa limelipa gharama kubwa kwa somo hili. Mnamo Mei 21, 1996 MV Bukoba, iliyokuwa na kibali cha kuchukua abiria 430, ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Wapo waliobaki hai ndani ya tumbo la meli iliyokuwa imegeuka, wakielea kwa hewa iliyonaswa humo. Tumbo lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa ilitoka na meli ikazama. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kinakaribia kutia nanga. Waliokufa walikuwa 228.

Katika ajali zote mbili chombo kilikuwa karibu na mwisho wa safari. Hilo si jambo la kushangaza kwa mtaalamu. Nchi kavu ikionekana, abiria husimama, hubeba mizigo yao na kusogea upande wa kushukia. Chombo kilichovumilia safari nzima kwa uthabiti mwembamba hupewa msukumo wake wa mwisho na watu wenyewe waliomo ndani. Kwa hiyo idadi ya abiria inayoandikwa kwenye cheti si urasimu wa mamlaka. Ni jibu la hesabu ya Bouguer kwa chombo kile mahususi.

Hata hivyo, mhandisi hatafuti uthabiti usio na mpaka. Meli ambayo kitovu chake cha uzito kiko chini mno hurudi wima kwa kasi na ukali, ikawatupa watu na kukata kamba za mizigo. Nahodha mzoefu hutaka kiasi. Tuliweke akilini neno hilo, kiasi, maana litaturudia tutakapofika kwenye maji.

Mlima unaosubiri

Mji wa Sumbawanga upo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa upo kwenye mita kama 770. Barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga hulazimika kuteremka tofauti hiyo. Kila palipochongwa mlima ili kuipitisha barabara, mhandisi ameuliza swali la gololi: je, mteremko huu utasimama?

Udongo wa mteremko hushikiliwa na msuguano kati ya chembe zake na kwa kugandamana kwao. Mvua inapoingia, maji hujaza nafasi baina ya chembe na kuzisukuma zitengane, msuguano ukapungua huku uzito wa mlima ukiongezeka. Ndiyo maana mteremko unaoweza kusimama kiangazi kwa miaka 30 huporomoka usiku mmoja wa masika. Desemba 3, 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Mifereji ya kuondoa maji na miti yenye mizizi mirefu ni zana za uthabiti sawasawa na kuta za zege, na aghalabu ni za bei nafuu.

Ufipa ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Wanajiolojia wamelihusisha na ufa wa Kanda unaopita katika uwanda wa Ufipa. Watu waliokuwa hai siku hiyo hawapo tena kutusimulia, lakini ufa upo. Majengo ya ghorofa yanayoongezeka katika miji ya ukanda huu yanastahili kukokotolewa kwa kuukumbuka.

Si mbali na Kasanga, kwenye mpaka na Zambia, Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 katika maporomoko maarufu. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kukatwa pengo ili moja likae juu ya jingine bila kuteleza. Matokeo yao, yaliyochapishwa Septemba 2023, yanakadiria umri wa magogo hayo kuwa miaka 476,000 hivi. Huo ni wakati ambao binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea. Kwa maneno mengine, ushahidi wa kale zaidi unaojulikana wa kiumbe kuunganisha mbao mbili ili zisimame imara umetoka katika bonde hili. Utafiti wa uthabiti haukuanza Ulaya na akina Bouguer.

Umeme nao huyumba

Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitumia umeme ulionunuliwa Zambia, nje ya gridi ya taifa. Mradi wa njia ya umeme mkubwa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unaojulikana kwa jina la TAZA, umekusudiwa kuiunganisha Tanzania na Zambia. Hapa pia neno uthabiti lina maana mahususi. Mitambo yote ya gridi moja huzunguka kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja mkubwa ukizimika ghafla, mingine hulemewa na mwendo hushuka; usipookolewa ndani ya sekunde chache, vifaa vya kujilinda huanza kuizima mitambo mmoja baada ya mwingine. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwemo. Kuunganisha gridi za nchi jirani huleta msaada wakati wa dhiki, lakini pia hufungua njia ya hitilafu ya mmoja kumfikia mwenzake. Kuona kipi kitazidi ni kazi ya hesabu zile zile za Lyapunov.

Ziwa lililotulia kupita kiasi

Sasa tuyarudie maji. Ziwa Tanganyika lina karibu moja ya sita ya maji baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina hewa ya oksijeni. Upande wa kaskazini oksijeni hukoma kwenye kina cha mita kama 100, na kusini kwenye mita kama 200. Chini ya hapo hakuna samaki anayeishi.

Sababu ni uthabiti. Maji ya juu huwa na joto la nyuzi kati ya 24 na 28, na ya chini nyuzi 23 na kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo ya juu huelea juu ya ya chini kama mafuta juu ya mchuzi. Isitoshe, kadiri maji yanavyokuwa na joto ndivyo kila nyuzi moja inayoongezeka inavyoyapunguzia uzito zaidi. Karibu na nyuzi 25, badiliko la nyuzi moja hupunguza uzito wa mita moja ya ujazo ya maji kwa takriban gramu 250; karibu na nyuzi 5, kama yalivyo maziwa ya Ulaya wakati wa baridi, badiliko kama hilo hupunguza gramu chache, kwa kiasi cha mara 10 pungufu. Ndiyo maana joto dogo katika ziwa la kitropiki hujenga ukuta mzito. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwaustria Wilhelm Schmidt alitunga kipimo cha ukuta huo: ni kazi kiasi gani upepo ungelazimika kuifanya ili kulichanganya ziwa lote liwe moja?

Kwa samaki, ukuta huo ni balaa. Viumbe vinavyokufa huzama na mbolea yao, fosforasi ikiwemo, hubaki chini gizani. Vimelea vya majani vinavyolisha ziwa zima vinahitaji mwanga ulio juu na mbolea iliyo chini. Lazima kitu kiyainue maji ya chini.

Kitu hicho ni upepo, na mahali pake ni huku kusini. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa pwani huuita kusi, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Katika pembe ya kusini, kwenye maji ya Kasanga na Mpulungu, maji baridi yenye mbolea hupanda kuziba pengo. Upepo ukikoma, tabaka hizo hubembea kwa taratibu kutoka kusini hadi kaskazini, kila mbembeo ukichukua takriban mwezi mmoja. Dagaa hufuata chakula, mgebuka huwafuata dagaa, na mvuvi mwenye taa yake huwafuata wote wawili katika usiku wa giza.

Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Catherine O'Reilly na jingine na Piet Verburg, yalichapisha matokeo yaliyoishtua dunia ya sayansi. Yakilinganisha vipimo vya sasa na vile vya mwaka 1913, yalionyesha kwamba ziwa limepata joto, na tabaka la juu limepata zaidi kuliko la chini. Ukuta umezidi kuwa mzito na upepo ule ule hauwezi tena kuchanganya kama zamani. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa vimelea vya majani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, kiasi kinachoweza kumaanisha upungufu wa asilimia 30 ya samaki. Kwa wakazi wa nchi zinazolizunguka ziwa, ambao kwa makadirio hupata asilimia kati ya 25 na 40 ya protini ya wanyama kutoka humo, hiyo si takwimu ya kupuuza.

Si wote waliokubali. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walijibu kwamba samaki wanaovuliwa hupungua au kuongezeka kutokana na namna ya uvuvi, wala si kwa sababu ya hali ya hewa. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ilichimba tope la sakafu ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki wa miaka mingi. Waliona upungufu ulioanza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara, na walikadiria kwamba katika maeneo waliyoyachunguza sakafu yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Jibu la busara ni kwamba pande zote mbili zimeshika sehemu ya ukweli: ziwa linazalisha kidogo zaidi, na wavuvi wanaovua kidogo hicho ni wengi zaidi.

Ndiyo maana kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa ili samaki wazaliane. Kwa mvuvi wa Kasanga hiyo ilikuwa miezi mitatu migumu, tena katika msimu wa upepo unaopandisha chakula. Lakini kati ya mambo mawili yanayowapunguza samaki, uvuvi ndio pekee ambao nchi za ziwa zinaweza kuuamua zenyewe. Joto limeletwa na dunia nzima, na hakuna mtambo wa kulikoroga ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650.

Kiasi

Kuna jambo la mwisho ambalo gati lenyewe linatukumbusha. Usawa wa ziwa hauko thabiti kama unavyoonekana. Katika karne ya 19 Mto Lukuga, mlango pekee wa maji kuelekea Kongo, uliziba kwa mchanga na mimea, na ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na katika miaka isiyozidi 20 iliyofuata maji yakashuka kwa takriban mita 10. Mwaka 2024 maji yalipanda tena na kuzifurika sehemu za Bujumbura. Anayejenga gati, ghala au nyumba ufukoni kwa kuamini alama ya maji ya mwaka jana, anaitazama gololi ikiwa imetulia na kusahau kulitazama bakuli.

Msomaji wa mjini anaweza kuyaona mambo haya kuwa ya mbali. Hata hivyo, fungu la dagaa analolinunua limetegemea ukuta wa maji ambao upepo wa Kasanga ulifaulu au ulishindwa kuuvunja. Tiketi ya kivuko anayoikata ina nambari ambayo mtu aliikokotoa ili kitovu cha uzito kisipande. Meli ikiwa na uthabiti haba hupinduka, na ziwa lenye uthabiti uliozidi hupungukiwa chakula. Siku ambayo chombo kimejaa na wakala bado anawaita watu wapande, anayeamua kubaki gatini atakuwa ameielewa hesabu hiyo kuliko wengi.